Tujiandae Kabla Mto Haujajaa

(Maneno ya mkulima mmoja, mhitimu wa kisomo, katika mkutano wa kijiji huko Kiwira, Wilaya ya Rungwe)

 

Nimeombwa niseme juu ya mafuriko. Najua wengine mtasema, "Mafuriko ni ya watu wa Kyela. Sisi tuko juu, maji hayakai kwetu." Ni kweli, hayakai. Lakini yanapita, na yakipita hubeba vitu. Mto Kiwira unatoka huku milimani na kwenda kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Uchafu tunaoutupa sisi huku, ndugu zetu wa Kyela wanaupokea kule chini.

Tena mlima nao huteremka. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh, Mkoa wa Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Aprili 2024 matope ya Mlima Kawetele yalifunika nyumba huko Itezi, Mbeya mjini. Hapo si mbali. Basi mvua ikizidi, ukaona ufa mpya ardhini juu ya nyumba yako, au miti imeinama, usingoje. Toa watoto na wazee kwanza. Vyombo baadaye.

Lakini leo nataka kusema hasa juu ya ugonjwa unaokuja maji yakishapita. Huo naujua, maana uliingia nyumbani kwangu.

Miaka ya nyuma choo chetu kilikuwa mgombani, upande wa juu wa chemchemi tuliyochotea maji. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha. Shimo likajaa, likamwagika. Asubuhi tulichota maji palepale. Kwa macho yalikuwa safi. Siku ya tatu mtoto wetu wa mwisho akaanza kuharisha. Mimi, baba mwenye nyumba, nikasema, "Msimpe maji, mtamzidishia." Nilikosa, ndugu zangu. Midomo ilimkauka. Macho yakaingia ndani. Alilia bila machozi. Mke wangu hakuningoja mimi. Alimbeba mgongoni akaenda naye zahanati. Muuguzi alimpa maji ya dawa, kijiko kwa kijiko, mchana kutwa. Mtoto akapona. Leo ni mtu mzima, ana wake. Lakini mimi nikikumbuka naona aibu. Maji machafu yalimwuguza, na ujinga wangu ulitaka kummaliza.

Kwa hiyo tufanye nini? Sasa ni kiangazi. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Mei. Kazi ni sasa.

Kwanza, choo. Choo kiwe mbali na chemchemi au kisima, mita 30 au zaidi. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Tena kiwe upande wa chini, siyo upande wa juu.

Pili, maji ya kunywa. Yachemshe mpaka yatokote sawasawa. Yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Mtasema wakati wa mvua kuni zimelowa. Ndiyo maana nasema tukusanye kuni sasa, jua lingaliko, tuziweke pakavu.

Tatu, mtu akiharisha mpe maji, usimnyime. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kama una pakiti ya ORS, fuata maandishi yake. Si tunajua kusoma sasa? Kama huna, chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1. Tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko viwe sawa, visiwe na kilima. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkienda zahanati. Akiharisha maji meupe kama maji yaliyooshea mchele, huenda ni kipindupindu. Hapo kimbia, hata kama ni usiku.

Nne, ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sisi tunalima mpaka majini, kisha tunashangaa udongo umekwenda wapi. Tupande mianzi na matete, yashike udongo.

Tano, kamati ya maafa ya kijiji. Isiwe ya majina kwenye karatasi tu. Ijue ni nani anakaa karibu na mto, nani ni mzee asiyeweza kukimbia, nani atapiga mbiu usiku, na watu watalala wapi.

Msiseme kazi hii ni ya Serikali peke yake. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walipotoka pale walishika majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja mafuriko yawakumbushe.

Namaliza. Yuko bibi mmoja hapa kijijini, anakaa peke yake. Choo chake kiko juu ya chemchemi, kama kilivyokuwa changu. Jumamosi asubuhi nakwenda kumchimbia kingine upande wa chini. Mwenye jembe na aje.