Wana Wawili Katika Nyumba Moja

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetujaalia wake na waume na akatuneemesha kwa watoto na wajukuu. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, mlio hapa msikitini na mnaosikiliza majumbani, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo hatuna desturi ya kulitaja juu ya mimbari, kwa kuwa twaliona dogo. Nalo ni nyumba yenye watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka sita na mwenziwe mitano au minne. Kila aliye na nyumba ya namna hii anaijua. Hakujapambazuka sawasawa, wamekwisha kugombania kikombe. Kandambili za huyu zimevaliwa na yule. Mama yuko jikoni, mkono mmoja umeshika mwiko wa uji na wa pili unawaamua. Baba anatafuta kofia yake atoke kwenda kazini. Akitoka harudi ila magharibi. Akisha kusali huenda barazani. Akirejea kutoka barazani wanawe wamekwisha lala. Kesho ni hivyo hivyo, na kesho kutwa, na mwaka hupita.

Jambo hili si dogo. Ndugu wawili wanaopishana njiani bila ya kutoleana salamu, na ndugu wawili wanaosimama mbele ya Kadhi kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba yao au kwa minazi michache, uadui wao haukuzaliwa siku ya kugawa mirathi. Mirathi iliufunua tu. Ukifuatilia utaukuta ulianza zamani, siku zile za kugombania kikombe, na aliyekuwa akihukumu baina yao hakuwa akihukumu kwa haki.

Ikiwa twataka kujua namna ya kuishi na watoto wawili wa kiume, hatuna haja ya kwenda mbali. Katika mji wa Madina palikuwa na nyumba ya namna hiyo hiyo. Sayyidna Hasan alizaliwa mwaka wa 3 wa Hijra katika mwezi wa Ramadhani, na Sayyidna Husein akazaliwa mwaka wa 4 katika mwezi wa Shaabani, kwa kauli iliyo mashuhuri. Hapana hata mwaka mzima baina yao. Basi zingatieni, enyi akina baba, hali ya mama mwenye watoto waliofuatana hivyo, na yeye mwenyewe ndiye anayesaga shayiri kwa jiwe.

Nyumba hiyo haikuwa na utajiri. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mikono ya Bibi Fatma ilikuwa imeumia kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha. Usiku, hali yeye na mumewe wamekwisha jinyoosha kitandani, Mtume (S.A.W.) akaja mwenyewe, akakaa baina yao, hata Sayyidna Ali akausikia ubaridi wa miguu yake. Akawafundisha kwamba wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34, na kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Sayyidna Ali hakuyaacha tena maisha yake yote, hata usiku wa vita vya Siffin, mwaka wa 37.

Wako wanaume wanaoisoma Hadithi hii kisha wakamwambia mke aliyechoka, "Leta tasbihi, utapata nguvu," nao wamekaa juu ya kiti wakingoja chai. Hawakuisoma vizuri. Mtume hakutuma ujumbe. Alitoka nyumbani kwake usiku akaja akakaa nao. Na maneno yale aliwafundisha wote wawili, mume na mke, wala hakumfundisha mke peke yake. Tena yeye mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiwafanyia kazi watu wa nyumbani kwake mpaka ufike wakati wa sala, ndipo akatoka. Basi mtoto wa kiume anayemwona baba yake hainui hata sahani aliyolia, atajifunza nini? Na wana hawa wawili wakikua hivyo, yuko mtoto wa mtu atakayekuja kuwatumikia.

Sasa tazameni jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa pamoja na wajukuu zake hao. Siku moja alikuwa anakhutubu. Wakaingia Hasan na Husein wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa, kama watembeavyo watoto wadogo. Akaikata khutba, akateremka kutoka mimbarini, akawabeba, akawaweka mbele yake. Kisha akawakumbusha watu yale aliyoyasema Mwenyezi Mungu, kwamba mali na watoto ni mtihani, akaeleza kuwa alipowaona wanajikwaa hakuweza kustahamili. Hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mara nyingine, kama alivyopokea Nasai, alirefusha sijida katika sala ya jamaa hata watu wakadhani pametokea jambo. Alipoulizwa alieleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka na mchezo wake.

Alikuwapo mkubwa mmoja wa Bani Tamim, Aqraa bin Habis, aliyemwona Mtume anambusu Hasan. Akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja wao. Mtume akamtazama, akamjibu kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Wengi katika sisi ni jamaa za Aqraa. Twadhani kuwa mtoto wa kike hubusiwa, na mtoto wa kiume akisha acha kunyonya hupewa mkono wa salamu tu, ati asije akalegea. Hasan na Husein walibusiwa na kubebwa mabegani, na hapana mtu awezaye kusema kuwa walilegea.

Lakini mapenzi hayo hayakuwa ya kuacha kila kitu kiende. Hasan, naye mdogo, aliokota tende moja katika tende za zaka akaitia kinywani. Mtume alimwamuru aiteme papo hapo, na akamweleza sababu: sisi hatuli sadaka. Ni tende moja, na ni mtoto ambaye hajaanza hata kusali, lakini hakuachiwa, wala hakupigwa, wala hakukatazwa bila ya kuelezwa. Twasema mara nyingi, "Huyu mtoto hajui kitu." Mtume alimwambia mtoto yule sababu kana kwamba anajua, na ndivyo alivyokuja kujua.

Nirejee kwenye mambo ya haki, maana hapo ndipo penye maradhi yetu.

Iko hukumu moja mashuhuri katika nyumba zetu: "Wewe ni mkubwa, mwachie mdogo wako." Mkubwa kumhurumia mdogo ni tabia njema, na yapasa afundishwe. Lakini ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya kila siku, bila ya kuuliza ni kitu cha nani na ni nani aliyeanza, basi mkubwa hujifunza kuwa kwa baba yake hapana haki, na mdogo hujifunza kuwa mwenye kulia kwa sauti ndiye mwenye kushinda. Wote wawili umewadhulumu. Mkubwa wa miaka sita bado ni mtoto. Akinyang'anywa gari lake la mabati akapewa mwenziwe kwa kuwa analia, hasemi kitu mbele yako, lakini usiku, taa ikizimwa, atamfinya.

Nyingine ni kulinganisha. "Tazama mwenzio, amekwisha hitimu juzuu ya kwanza, na wewe bado uko kwenye alifu." "Huyu ana akili kama babu yake, yule sijui amemrithi nani." Maneno haya husemwa mbele ya wageni, na watoto wote wawili wanasikia. Wako hata wanaolinganisha rangi za ngozi za watoto wa tumbo moja, na hilo ni katika mabaki ya ujahili. Aliyesifiwa kwa kumdhalilisha nduguye hakufaidika, na aliyedhalilishwa hatakuchukia wewe; wewe anakuhitaji. Atamchukia aliyelinganishwa naye.

Mnaijua Sura ya Yusuf. Nduguze walisema nini walipokaa kushauriana? Walisema kuwa Yusuf na nduguye wanapendwa na baba yao zaidi kuliko wao. Nabii Yaqub hakuwa dhalimu, hasha. Mapenzi ya moyo hayamo katika mamlaka ya mtu, na yeye mwenyewe alihofia, akamkataza Yusuf asiwasimulie nduguze ndoto yake. Pamoja na tahadhari yote hiyo, kuona kwao tu kuwa mwenzao anapendwa zaidi kulitosha kumtia kisimani. Ikiwa hayo yalitokea katika nyumba ya Nabii aliyejihadhari, itakuwaje nyumba ya mtu anayetangaza barazani kuwa kipenzi chake ni fulani?

Moyo hatukukalifishwa, lakini mkono na ulimi tumekalifishwa. Bashir, baba wa Nuuman, alimpa mwanawe huyo zawadi, na mkewe Amra bint Rawaha akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume alimuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akajibu kuwa la. Mtume akakataa kushuhudia, akaiita dhulma, akamwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Na katika mapokezi ya Muslim alimuuliza kama angependa wote wamfanyie wema sawasawa. Bashir akarudi, akairejesha zawadi yake. Angalieni kwamba hakusema, "Nimekwisha mpa, nitaona haya kuichukua."

Uadilifu haukuhitaji kuwa kila siku kitu kile kile kwa kila mmoja. Mwenye homa atapewa maziwa na mzima atakosa. Aliyeanza shule atashonewa sare na mwenziwe atangoja. Lakini mwambie anayengoja kwa nini anangoja na lini zamu yake itafika, na zamu ikifika, timiza. Abdullah bin Amir alisimulia kuwa alipokuwa mtoto mama yake alimwita, "Njoo nikupe," na Mtume yuko nyumbani mwao. Mtume akamuuliza mama alitaka kumpa nini. Akasema: tende. Akamwambia kuwa kama asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Sisi ni ahadi ngapi tunazozitoa ili mtoto anyamaze? "Nyamaza, kesho nitakununulia mpira." Kesho twasahau, naye hasahau. Na siku hizi tumepata kinyamazishi kingine: simu huwekwa mkononi mwa mtoto tangu anapokula mpaka anapolala, tena simu ni moja na watoto ni wawili, na ugomvi huwa mkubwa kuliko ule tuliokimbia.

Nimalizie kwa sala, maana wengi huniuliza habari ya fimbo. Mtume (S.A.W.) ameamrisha, kama alivyopokea Abu Daud, watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka saba, wapigwe kwa kuiacha wakiwa na miaka kumi, na watenganishwe malazi. Watu wengi wamehifadhi neno la kupiga, wakasahau hesabu. Baina ya miaka saba na kumi ni miaka mitatu, na kila siku ina sala tano. Hiyo ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto kwa maneno: "Mwanangu, twende tukasali." Ni nani katika sisi aliyemwita mwanawe hata mara 1,000? Anayepiga kabla ya kuita ameifuata ghadhabu yake, hakuifuata Sunna. Na hata hapo kwenye miaka kumi, wanavyuoni wameweka mipaka: isiwe usoni, isiumize wala kuacha alama, isiwe kwa hasira. Bibi Aisha ameeleza kuwa Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Naye Anas, aliyemtumikia miaka kumi tangu utoto wake, amesimulia kuwa katika muda wote huo hakumwambia hata "uff". Mtoto wa miaka minne aliyemwaga maji anapopigwa kwa mkanda, hapana katika dini yetu mahali pa kulitegemeza jambo hilo.

Basi enyi akina baba, usiku wa leo rudini mapema kidogo. Baraza haitavunjika. Wakuteni wanawe wangali macho, muulizeni kila mmoja habari zake peke yake, mwenziwe hasikilizi, kisha wafundisheni kusema Bismillahi na kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yao, kama Mtume alivyomfundisha Umar bin Abi Salama, mtoto aliyekuwa akilelewa nyumbani mwake, na mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima.

Na Ijumaa ijayo waleteni hapa. Nanyi wazee wa safu ya mbele, mkisikia miguu inakimbia huko nyuma, msigeuke kwa macho makali na kumwaibisha mtoto mbele ya baba yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto akaifupisha sala kwa kumhurumia mama yake, wala hatukupokea kuwa alimwamrisha mama yule asije tena.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu Mtukufu maghufira kwa ajili yangu na yenu na ya Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.