Radhi Baada ya Mauti: Kauli ya Mjane katika Utendi wa Mwana Kupona

Kwa muda mrefu Utendi wa Mwana Kupona umefundishwa kuwa ni wasia wa utiifu: mama mgonjwa anamuusia binti yake, Mwana Hashima, namna ya kuishi na mume. Wahakiki wengi wameulaumu utiifu huo, na lawama yao ina msingi. Hata hivyo, usomaji unaoishia hapo husahau kwamba mtunzi alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, alifariki mwaka 1856; utendi ulitungwa mwaka 1858.

Katikati ya nasaha, mama anaacha kuamuru na kuanza kusimulia. Anaeleza alivyoolewa kwa furaha, walivyoishi bila ya kuvunjiana heshima, na jinsi mume, ajali ilipomfikia, alivyompa radhi tena na tena. Kisha anakiri kwamba tangu hapo hajaacha kulia akumbukapo mazoea yao. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Huzuni hii ilikwisha kuivuka.

Neno radhi lastahili kuangaliwa kwa makini. Mapenzi, mahaba na huba hutaja hali ya moyo. Radhi, japo nayo ni ya moyoni, katika Kiswahili huombwa, hutolewa na hupatikana. Na aliyeitoa akishafariki, hawezi tena kuiondoa. Utendi unaihesabu radhi ya mume pamoja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama, na kuifikisha hadi Siku ya Kiyama, ambapo mume ataulizwa juu ya mkewe. Kwa msomaji wa leo, hapo pana ukali: hatima ya mke imo kinywani mwa mume. Kwa mjane wa Siu, papo hapo pana faraja: kauli ya marehemu imetangulia, nayo inamngoja.

Hoja si kuutupa uhakiki wa utiifu. Hoja ni kwamba neno moja limebeba mamlaka na mapenzi kwa pamoja, wala mtunzi hakuyatenganisha. Asomaye amri bila ya kukisikia kilio amesoma nusu ya utendi. Akisikiaye kilio bila ya kuuona uzito wa amri, naye kadhalika.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Radhi aliyoachiwa na mumewe ndiyo aliyomtakia bintiye.