Chuo, Wazazi na Uandikishaji katika Shule Ndogo ya Montessori: Hali ya Kilwa Kivinje

Istilahi

Elimu ya awali, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, ni mafunzo ya mwaka mmoja anayopewa mtoto kabla ya darasa la kwanza, na tangu Januari 2016 hutolewa bila ada katika shule za serikali. Montessori ni mfumo wa malezi na ufundishaji uliopewa jina la daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, aliyefungua darasa lake la kwanza katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma mwaka 1907, ambamo watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa chumba kimoja, kila mmoja akachagua kazi miongoni mwa vifaa vilivyopangwa rafuni, naye mwalimu akawa mwangalizi zaidi kuliko msemaji.

Tatizo

Taarifa nyingi hueleza uchache wa watoto katika shule ndogo za Montessori kwa sababu mbili, yaani umaskini na wazazi kukosa mwamko. Sababu ya kwanza ina ukweli wake, lakini ya pili imekuwa ikinakiliwa kutoka taarifa moja hadi nyingine bila kuchunguzwa. Katika mji wa Kilwa Kivinje mtoto wa miaka minne hupelekwa chuoni, yaani katika chuo cha Kurani ambacho wengine hukiita madrasa, akiwa ameogeshwa na kuvishwa kanzu au baibui, na mwalimu wake hupewa ada yake ya kila wiki. Mzazi afanyaye hivyo hawezi kusemwa kuwa hajali elimu ya utotoni. Ameshachagua mahali pa kuitafuta, na shule haimo katika uchaguzi huo.

Kutokuwemo huko kuna historia. Wajerumani walipoanzisha shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliiweka nje ya mafundisho ya Kikristo, kwa kuwa Waislamu wa pwani hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao shule za misheni. Mfumo wa Montessori nao umeenezwa Tanzania kwa sehemu kubwa na masista, na vyuo vya ualimu wake vinavyojulikana vina asili hiyo. Kazi ya masista inastahili heshima yote, na mada hii haina nia ya kuipunguza; hata hivyo, mzazi wa Kivinje akilisikia jina hilo la kigeni hudhani kuwa ni shule ya kanisa, na hakuna kipeperushi kitakachomtoa katika dhana hiyo endapo hakuna mtu anayemwamini aliyeingia darasani akaona.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba mfumo wa chuo na ule wa Montessori inakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Chuoni wakubwa kwa wadogo huketi mkeka mmoja. Huyu yuko kwenye alifu na bee, yule yuko katikati ya juzuu amma, na hakuna anayehamishwa mpaka somo lake limemkaa. Mwanafunzi aliyetangulia humsomesha aliye nyuma, na mdogo hufuata herufi kwa kijiti huku akiitamka. Katika darasa la Montessori mtoto hupitisha vidole viwili juu ya herufi ya msasa, yaani herufi iliyokatwa kwa karatasi ya kukwaruza na kubandikwa ubaoni, naye huitamka vilevile. Tofauti zipo, hasa katika uhuru wa kuchagua kazi na katika adhabu ya kiboko, lakini mzazi aliyepita chuoni anao tayari msingi wa kuuelewa mfumo wa Montessori, ilhali shule humweleza kwa maneno ya vitabu vya ualimu, kisha humshangaa anapouliza daftari liko wapi.

Kwamba chuo na shule ya awali vinaweza kukutanishwa, ni jambo lililokwisha kuthibitishwa mbali na Kilwa. Mpango wa awali wa madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa ombi la viongozi wa Kiislamu, kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kwa juhudi za Bi Swafiya Said, na ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda, uliweka mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia chini ya paa moja, ukatumia vifaa vya mahali na ukaiachia jamii uendeshaji wa shule. Mpango huo si wa Montessori, wala hauwezi kuhamishwa kama ulivyo, lakini ulianza kwa ombi la viongozi wa dini wenyewe.

Mapendekezo

Kwanza kabisa, walimu wa vyuo waalikwe darasani kabla ya wazazi, wakae asubuhi nzima, na wasiombwe lolote siku hiyo. Ratiba ipatanishwe na ya chuo: kwa kuwa Montessori huhitaji takriban saa tatu za kazi zisizokatizwa, kazi ianze saa moja na nusu na kumalizika saa nne na nusu, ili mtoto awahi chuoni, au mwalimu wa chuo aje shuleni kwa posho inayojulikana, mradi uongozi wa shule umeafikiana kwa maandishi na Afisa Elimu na wathibiti ubora wa shule. Vifaa vya kazi za kila siku viwe vile anavyovitambua bibi wa mtoto, yaani ungo na mchele wa kupepeta, ukili wa kusuka, kata na mtungi wa kumiminia maji, na makombe ya kuhesabia.

Ada nayo isidaiwe kwa mkupuo mwezi Januari, wakati fedha za ufuta uliouzwa katikati ya mwaka zimekwisha. Ikusanywe kidogo kidogo kila wiki kama ya chuo, na nyumba ya mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, isubiriwe mpaka arudi. Mtoto anayefuata wazazi shamba asifutwe katika daftari la mahudhurio, kwani katika mfumo huu ataendelea pale alipoachia. Wazazi waelezwe maendeleo ya mtoto kwa kuoneshwa kazi yake, naye mwalimu wa chuo awepo wakati huo. Halmashauri, kwa upande wake, iache kuhesabu mikutano ya uhamasishaji kuwa ndiyo mafanikio, na badala yake iulize ni walimu wangapi wa vyuo walioingia katika madarasa ya awali mwaka huo.