Nyumba za Baridi na Masomo ya Watoto Wetu



Kericho ni kadiri ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake mwaijua. Bati tupu hupoteza joto upesi. Alfajiri hudondosha maji juu ya blanketi. Dari ya mbao ingeshika joto, na kuni zingepungua. (Sisi wa reli nasi twalala chini ya mabati.)

Mwaka 1959 Tom Mboya, mtu wa vyama vyetu, alisaidia vijana 81 kwenda Marekani kusoma. Basi msaada wa masomo ya kuchunguza majumba usiwaendee watoto wa wakubwa tu. Binti wa mchuma chai wa Bomet, aliyedondokewa na maji yale, naye aombe, na chama kimwandikie barua.