Kuchora Nako Kunasomewa?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kila nyumba hapa Kagera huwa na kikao chake. Mtoto akisema anataka udaktari, baba hutabasamu. Akisema sheria, mama hupiga vigelegele. Lakini akisema anataka kusomea uchoraji na uchongaji chuo kikuu, kikao huvunjika. "Kuchora nako kunasomewa?" Swali hilo nalifahamu. Nilipokwenda kuchukua stashahada ya uandishi wa habari, jamaa zangu waliuliza kama kuongea redioni nako kunasomewa.

Kunasomewa, tena jirani tu. Ng'ambo ya Mutukula, Chuo cha Makerere kilianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930, chini ya Mwingereza, Bibi Margaret Trowell. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro. Ntiro alikwenda kuongeza masomo katika shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi kufundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akateuliwa kuwa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Mchoraji huyo! Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika hazina ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Pombe ya ndizi, wasikilizaji. Kwetu rubisi huenda harusini kila mwaka, na brashi zetu zimelala.

Nayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa kisiwa cha Goziba. Kule ziwani, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, maana taa za wavuvi haziwavuti tena. Mitumbwi hupandishwa ufukoni kuzibwa na kupakwa rangi. Hizo ndizo siku za kijana huyu. Huandika majina ya mitumbwi bila rula, na ubavuni huchora sangara. Nilisimama kutazama kivuli alichokiweka chini ya tumbo la samaki mmoja: kimekaa pale pale kinapotakiwa. Hakuna aliyemfundisha. Shule aliyosoma haikuwa na mwalimu wa sanaa, na kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro kubwa: twamtaka mtoto aombe chuo kikuu somo ambalo hakupata kufundishwa hata kipindi kimoja.

Baba yake ni mvuvi. Ana mtumbwi mmoja na mashine moja, na ada ikikosekana, mashine ndiyo itakayouzwa. "Waitu, mwandishi," aliniambia, "niuze mashine ili mtoto akajifunze kupaka rangi, kazi anayoijua tayari?"

Mzee yule si mjinga. Mashine ikienda, nyumba nzima itabaki na kasia. Nilimwahidi jibu kupitia redio, nalo ni hili. Chuoni kijana atachora mwili wa binadamu mpaka aujue mfupa kwa mfupa. Atafinyanga, atachonga, atachapa picha kwa mbao, na atasoma historia ya sanaa. Huenda huko ndiko atakakosimuliwa habari za michoro myekundu ya miambani kule Bwanjai, mkoa huu huu, ambayo wengi wetu hatujapata kuiona. Akihitimu anaweza kufundisha, kuchora picha za vitabu vya shule, kubuni matangazo na vitambaa. Mshahara wa uhakika siwezi kumwahidi. Hata waliosomea ualimu wapo wanaongoja ajira miaka.

Ila mashine isiuzwe kwanza. Maombi ya mkopo wa serikali yapelekwe mapema, tena vyeti vyote vikiwa kamili. Kisiwani, karatasi moja iliyosahauliwa ni safari nzima ya boti. Na ninyi wenye mitumbwi wa Goziba, mnaomlipa kijana huyo kwa sado mbili za dagaa: mpeni fedha taslimu, siku hiyo hiyo kazi inapokwisha.