Risasi ya Owino Uhuru

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Msikilizaji, tukiache kiwanda kwa muda, tumtazame mlinzi. Katika hukumu ya 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliitwika NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, mzigo wa fidia mkubwa kuliko hata wenye tanuri. Kwangu mimi, ilistahili. Sheria ilikuwepo, malalamiko yalifika, na moshi ukaendelea kufuka.

Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kushtaki haki ya mazingira safi inapokiukwa, bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mlango huo ni mpana. Ukiingia, ndipo unapokutana na foleni. Kesi hii ilianza 2016, Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia 2023, na risasi iliyo mwilini mwa mtoto haijui kusubiri rufaa. Sasa Hazina ya Taifa ituambie: fedha za wanakijiji hawa ziko katika bajeti ya mwaka gani?