PINI YA PLAGI NA NGOZI YAKE

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Tunduma)



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo, pini ya plagi. Wengi wenu mmekwisha kuvuta umeme nyumbani, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Mwalimu, mbona plagi yangu inaungua na soketi bado mpya?"

Tuanze na shaba. Shaba ya Zambia inapita hapa kwetu kwa malori, na kwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, ikienda bandari ya Dar es Salaam. Katika madini yote, ni fedha tu inayoishinda shaba kwa kupitisha umeme. Lakini shaba tupu ni laini. Kwa hiyo viwandani huichanganya na zinki, ikawa ngumu. Mchanganyiko huo tunauita shaba nyeupe, ingawa rangi yake ni njano, sijui nani alianza!

Sasa, shaba ikikaa hewani hushika kutu. Huwa nyeusi, pengine kijani. Kutu hiyo inazuia umeme. Ndiyo maana pini nyingi huvikwa ngozi ya nikeli. Pini huoshwa mafuta yote, maana penye mafuta ngozi haishiki. Halafu hutumbukizwa katika maji yenye chumvi za nikeli, ikafungwa upande wa hasi wa umeme. Kipande cha nikeli hufungwa upande wa chanya. Umeme ukipita, nikeli huhama chembe kwa chembe na kujibandika kwenye pini. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko unywele.

Pini ndogo za ndani ya simu na kompyuta huvikwa dhahabu, kama hii inayochimbwa mkoani kwetu Songwe, maana dhahabu haishiki kutu. Lakini hata hapo nikeli hutangulia chini. Bila nikeli, shaba ingepenya polepole ndani ya dhahabu mpaka itokee juu.

Basi mtu akichukua kisu au msasa akakwangua pini ili ing'ae, ameondoa ile ngozi. Kutu inarudi upesi. Umeme unaozuiwa unageuka joto, joto linalegeza vibano vya soketi, na vikilegea joto linazidi. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 9. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto pale penye kizuizi huongezeka mara nne. Nyumba huungua hivyo, jamani, na watoto wamelala.

Pini ikichafuka, zima swichi, chomoa plagi, futa kwa kitambaa kikavu. Ikiwa imebabuka au imeyeyuka, tupa. Soketi iliyolegea mwite fundi aibadilishe, maana plagi mpya kwenye soketi hiyo itaungua vile vile.

Na sokoni, nenda na sumaku. Kuna pini za chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Sumaku ikivutwa kidogo tu, yaweza kuwa ile ngozi ya nikeli, msiogope. Iking'ang'ania kwa nguvu, hicho ni chuma, mrudishie mwenye duka.

Sumaku ninayo hapa. Kila aliyekuja na plagi aisogeze mezani, tuanze na wazee.